Dakika ya Kumi na Saba, Upande B

Mpepai, Jumamosi mchana

Skola mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Jana umeondoka hapa kwenda Ngumbo kumuaga bibi yako na mjomba wako Egno, umevaa sweta langu bila kuomba, na umeacha miwani yako juu ya meza. Jioni utarudi na mfuko wa usipa, dagaa wakavu wa ziwani, nami nitalalamika kwamba basi zima litanuka, na wewe utaniambia kwamba Tabora hawajawahi kuona usipa wa Nyasa, wacha wanuse. Kesho alfajiri unakwenda Songea, na kutoka hapo kwenye shule ya Tabora uliyopangiwa kufundisha. Kwa hiyo nina saa chache za kukaa peke yangu na jambo ambalo limenishinda kulisema tangu ukiwa mgongoni kwa mama yako.

Maagizo sikupi. Shangazi yako ameshakupa ya kujaza debe, ya kuchemsha maji na ya kutofungulia watu mlango, na najua umesikia nusu tu. Mimi nataka kukueleza habari ya ile kaseti.

Ndiyo, ile. Ile niliyokwambia iliharibika kwa unyevu, na ulipokua kidogo nikaongezea kwamba panya nao walikula utepe. Hakuna panya aliyekula kitu. Kaseti ipo. Imekaa ndani ya sanduku langu la randa na patasi muda wote huu, imefungwa kwenye kitambaa, na ulipokuwa mdogo ulilikalia sanduku hilo kila siku ukivaa viatu.

Nianze na kundi, maana bila kundi hutaelewa nilichofanya. Wewe unalijua lilivyo sasa, kwenye simu: Mwalimu Otmar, Sista Editha na mimi, wazee watatu tunaoandikiana kila Jumapili mchana tunasikiliza nini. Umetucheka sana. "Baba na wazungu wake waliokufa." Lakini hukuliona linaanza. Bruda mmoja aliyekuwa fundi seremala parokiani alirudi kwao Ulaya kwa uzee, akaacha gramafoni na makasha mawili ya santuri za muziki wa klasiki, na hakuna aliyezitaka isipokuwa sisi. Mimi yule Bruda ndiye aliyenifundisha kupiga randa, na kila tukipiga randa alikuwa ameweka santuri. Muziki ule niliupata kama mtu anavyopata mafua, kwa kukaa karibu.

Tukawa tunakutana Jumapili baada ya Misa ya pili kwenye stoo ya useremala, tumekalia mbao. Kila Jumapili mmoja ana zamu. Mwenye zamu analeta kitu cha kusikiliza, kama si santuri basi kaseti aliyorekodi redioni, na kabla hajakicheza anaandika kwenye daftari mistari minne: anasikiliza nini, nani anapiga, kimetoka wapi, na mahali pa kutega sikio. Huo mstari wa nne ndio uliotugombanisha. Kusema kitu ni kizuri haikutosha. Ilibidi useme dakika ya nane, pale sello, fidla kubwa, inapoingia chini ya fidla ndogo bila kupiga hodi. Na ukikosea, Mwalimu Otmar hakuwa na huruma. "Gaudensi, hapa hakuna kitu. Umesikia wewe peke yako. Rudisha." Nikawa narudisha, tunasikiliza tena, tunabishana mpaka watu wa Misa ya jioni wanaanza kuingia.

Mwanangu, nilijivuna. Mimi ni mtu wa darasa la saba, wa kahawa na mahindi, mikono yangu unaijua. Lakini ndani ya stoo ile nilikuwa na masikio kuliko Mwalimu mwenye cheti chake. Ungeweza kunichezea simfoni moja iliyopigwa na okestra mbili, nikakwambia ipi ni ipi kwa namna tarumbeta zinavyovuta pumzi. Nilikuwa nakwenda nyumbani kifua mbele, nimebeba daftari chini ya kwapa. Nikifika namkuta mama yako anapepeta mahindi, ananiuliza, "Wamefufuka?" Yaani wale wazungu. Namjibu bado. "Basi njoo ule."

Mama yako sikumpenda kwa sauti yake. Watu wanadhani hivyo, kwa kuwa alikuja huku juu kutoka Ngumbo na kwaya yao, kwenye sikukuu ya parokia, na yeye ndiye aliyesimama mbele kuimbisha. Mimi siku ile nilikuwa nyuma nasahihisha kinanda kichwani. Nilimpenda baadaye, wakati wa chakula, kwa sababu alinicheka nilivyokuwa natoa miiba ya samaki mbasa mdomoni kama ninatoa misumari. Nilitaka anicheke tena. Ndiyo historia yote ya ndoa yetu, sina nyingine.

Alipokuja kuolewa alikuja na kaseti. Mwalimu wa kwaya wa Ngumbo alimrekodi kama zawadi ya kumuaga. Upande A alikuwa na wenzake. Upande B alikuwa peke yake, anaimba nyimbo za kinamama wa ziwani, zile za kutwanga muhogo na za kuanika usipa na za kubembeleza mtoto. Bibi yako anazijua nyimbo zenyewe mpaka leo, na wewe umezisikia kwake. Lakini sauti ya mama yako Leokadia, binti wa miaka ishirini, ilikuwa humo tu.

Wewe ni mtoto wa simu, kwa hiyo nikueleze kitu kimoja. Mgongoni mwa kaseti kulikuwa na vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, redio kaseti inakataa kurekodi, kitufe hakishuki. Inacheza tu. Mama yako alivivunja kwa ncha ya kisu wiki ya kwanza tuliyokaa pamoja, hapa hapa mezani, mimi naangalia. Akapuliza vumbi la plastiki, akasema, "Sasa hakuna wa kurekodi juu yangu."

Miezi michache baada ya wewe kuzaliwa aliniomba kitu. Nilikuwa navaa viatu, ni Jumapili. Akasema, "Baba Skola, leo si zamu yako? Nipeleke na mimi huko stoo." Nikadhani anataka kuja kukaa na sisi. Alikuja mara moja zamani akalala usingizi juu ya mbao, Sista akamfunika kwa mtandio wake. Kumbe alikuwa ameshika kaseti. Nikamwambia, "Ah, Mama Skola, kule tunasikiliza vitu vizito." Akacheka. "Vizito kama gunia la kahawa?" Mimi sikucheka. Nikasema kundi lina utaratibu wake. Hakukuwa na utaratibu wowote uliokataza. Sista alishawahi kuleta ngoma za kwao tukazisikiliza vizuri tu. Niliona aibu, hilo ndilo neno lake. Niliona aibu Mwalimu Otmar asikie mke wangu anaimba habari za muhogo. Mama yako akairudisha kaseti kwenye kava yake, akaiweka kabatini, akaniambia kola yangu imekunjika.

Ukiniuliza nilianza lini kumpoteza, ni pale, mimi nikinyoosha kola.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi kama leo. Mwalimu Otmar alikuwa ameniazima redio yake ya masafa mafupi kwa wiki nzima, kwa sababu stesheni moja ya nje ilitangaza kwamba saa kumi jioni wangepiga simfoni ambayo Bruda alikuwa akiisema kila siku na haikuwemo kwenye makasha yake. Kesho yake zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeona kabisa nitakavyoingia stoo nikiwa nayo. Asubuhi nilikwenda mjini Mbinga kutafuta kaseti tupu, duka la kwanza hakuna, la pili hakuna, la tatu wananiambia njoo Jumanne. Nikarudi saa tisa nimelowa, mvua imeanza.

Nyumbani nilikuwa na kaseti kumi na moja. Nikazipanga mezani. Nikachukua ya kwanza, hii ina piano, siwezi. Ya pili ina Misa ya wafu ambayo sitaipata tena. Ya tatu, ya nne, hivyo hivyo, kila moja nikiiona na dakika yake ninayoipenda. Nikafika ya mwisho, ya mama yako. Nilizipima zote, Skola, na nyepesi kuliko zote nikaiona ile.

Kitufe hakikushuka, bila shaka. Nikachukua boksi la kiberiti, nikakata vipande viwili vya karatasi yake ngumu, nikavikunja, nikavishindilia kwenye yale matundu mpaka vikakaa. Ilinichukua muda. Kipande kimoja kilitoka nikakikata upya. Nakueleza haya ili usimruhusu mtu yeyote, hata mimi nikizeeka nikaanza kujipendelea, akwambie kwamba ilikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya haikai ikakata boksi la kiberiti. Nilijiambia kwamba nitamrekodi upya. Si yupo hapa hapa jikoni? Ataimba siku yoyote, nitanunua kaseti mpya nzuri zaidi. Mtu aliye jikoni kwako unadhani hana pa kwenda.

Redio ya Mwalimu nikaiweka mbele ya redio kaseti, maana haikuwa na waya wa kuziunganisha. Kwa hiyo kila sauti ya nyumba iliingia. Nilifunga madirisha. Nilimfukuza kuku. Upande A ulikwenda vizuri. Nikageuza. Upande B, simfoni ikafika mahali pa taratibu, fidla peke yake, chini kabisa, hata mvua ilisikia aibu ikapungua. Na nyuma ya ukuta, jikoni, mama yako akaanza kuimba. Wewe ulikuwa mgongoni kwake, meno yanaota, umelia tangu adhuhuri.

Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini sana. Mimi nikasogeza mdomo kwenye mlango.

"Nyamaza, Mama Skola, narekodi."

"Namlaza mtoto."

"Basi mlaze kimya."

Hayo ndiyo maneno yetu, na yamo kwenye kaseti, ukitaka kuyahesabu ni maneno tisa. Halafu kimya, halafu wewe unalia, halafu mlango wa jikoni unafunguliwa na kufungwa. Simfoni ikaendelea mpaka mwisho, watu wakapiga makofi, mtangazaji akasema, nikaiacha izunguke mpaka ikajizima yenyewe. Sikubakiza hata inchi.

Kesho yake stoo nilicheza kaseti na Mwalimu alikunja mikono kwa furaha. Tulipofika pale, sauti yangu ikatoka, nyamaza Mama Skola, na Mwalimu akaangua kicheko, nami nikacheka kwa nguvu kumzidi, nikiomba radhi, nikisema unajua kinamama. Sista Editha hakucheka. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena, "Rudisha, na ninyi nyamazeni." Akainamisha kichwa. "Huyu mama anaimba sauti ya pili ya kitu ambacho hajawahi kukisikia. Anaimba nini?"

"Anabembeleza mtoto tu, Sista."

"Umeandika dakika gani kwenye daftari?"

Nilikuwa nimeandika dakika ya ishirini na nne, matarumbeta.

"Dakika yako ni hii," akasema. Nilikasirika. Niliona ameniharibia zamu.

Nilipofika nyumbani mama yako alikuwa amekaa na kava tupu mbele yake. "Baba Skola, kaseti yangu iko wapi?" Nikasema ipo. Akanyoosha mkono, akaitoa mwenyewe kwenye mfuko wa koti langu, akaigeuza. Akaona karatasi ya kiberiti. Akachukua sindano, akachokoa kipande kimoja, akakiweka mezani, akachokoa cha pili, akakiweka kando yake. Alifanya taratibu kama mtu anayetoa funza mguuni kwa mtoto.

"Umerekodi nini?"

"Simfoni."

"Ni nzuri?"

Nikamwambia ndiyo. Skola, nilimwambia ndiyo, na nikaanza kumweleza uzuri wake, matarumbeta na kila kitu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaenda kuinjika ugali.

Toka siku ile hakuimba tena ndani ya nyumba hii. Kanisani aliimba na wenzake, na akishuka kwao Ngumbo aliimba, niliambiwa. Hapa, hakuna. Alikulaza kwa kukupigapiga mgongoni. Nilikwenda Songea nikanunua kaseti mpya, nikaiweka redio mezani, nikamwambia, "Imba basi, Mama Skola." Akasema, "Leo sina sauti, Baba Skola." Mwezi uliofuata nikajaribu tena. Leo sina sauti. Hakuwa na kisirani, usidhani, tulikula pamoja, tulichuma kahawa pamoja, tulicheka mambo ya majirani. Ila hilo alilifunga. Nami baada ya muda nikaacha kuuliza, nikauzoea ukimya ule, nikauita amani. Nilikuwa hata nasikiliza vizuri zaidi.

Ulipokuwa na miaka mitatu akaugua tumbo, wiki mbili, akataka kwenda kwao, na huko akafa. Unajua hayo. Usichokijua ni cha msibani. Siku ya pili ya matanga, watu wamejaa uwanjani kwa bibi yako, mjomba wako Egno akanijia mbele ya wote. Alikuwa kijana bado, macho yamevimba. "Shemeji, ile kaseti ya dada. Tuleteeni tumsikie kidogo." Bibi yako akainua uso.

Nikasema, "Iliharibika, shemeji. Unyevu."

Egno akaniangalia. "Unyevu wa Mpepai," akasema, akaondoka. Toka hapo ananisalimia vizuri, ananiletea samaki, na hajawahi kuniita shemeji tena. Ananiita Baba Skola kama mtu wa njiani.

Uongo nilioutoa pale sikuweza kuurudisha, kwa sababu kila mtu alikuwa ameusikia. Nikabaki kuulisha. Ukaniuliza ukiwa darasa la tatu, nikakupa unyevu na panya. Ukaingia kwaya, watu wakitoka kanisani wanakushika kichwa wanasema hii ni sauti ya mama yake mtupu, nawe unageuka kuniangalia mimi kama ni kweli, nami natikisa kichwa kukubali, kama mtu anayejua. Sijui, mwanangu. Kaseti yake niliisikiliza mara moja tu, nusu, siku za mwanzo, huku nanoa panga. Nakumbuka santuri za Bruda mpaka mikwaruzo yake. Wimbo wa mke wangu hata mmoja siwezi kukupigia mluzi.

Na ile siku uliyotoka mtihani wa kidato cha nne, tukiwa shambani, ukasema tu bila kulia, "Baba, mama akipita njiani anaongea na mtu, mimi sitajua ni yeye." Nikasema nakwenda kukoboa kahawa. Hapakuwa na kahawa ya kukoboa, msimu ulikuwa umekwisha. Nilikaa kwenye mashine nikalia mpaka nikaona haya.

Utajiuliza kwa nini sikukupa hata kile kipande. Namlaza mtoto. Maneno mawili ya mama yako, kwa sauti yake, na yanakuhusu wewe. Ningeweza kukupa siku ile ile. Sikukupa kwa sababu ya sauti inayomzunguka. Ungemsikia yeye na katika pumzi hiyo hiyo ungenisikia mimi. Nilitaka kuwa baba ambaye hujawahi kumsikia akisema hivyo.

Mwaka juzi niliipeleka kwa fundi mmoja mjini anayehamisha kaseti kwenye simu. Nikamuuliza kama anaweza kunikata mimi, abakize mama tu. Akasema ni kazi ndogo, dakika tano. Akanyoosha mkono aipokee. Nikaona ninashindilia karatasi ya kiberiti mara ya pili. Nikairudisha mfukoni, nikamwambia nitakuja Jumanne.

Kwa hiyo nakupa nzima. Nimeiweka kwenye begi lako jeusi, katikati ya nguo, na redio kaseti nayo utaichukua, nimeifungia kwenye boksi, betri ziko pembeni. Najua utasema mzigo umezidi. Ubebe. Mimi sitakuwa na cha kuchezea kaseti zangu kumi, na ni sawa, simu inanitosha.

Sikukatazi kupenda vitu vya mbali. Mimi nitavipenda mpaka nife, na Sista akinitumia kitu kesho nitakaa chini ya paa nisikilize na nitaumwa na uzuri wake kama kawaida. Wazungu wale hawakunikosea. Ila nilijifanya mtu wa masikio kwa sababu kusikiliza wasionijua ni rahisi, hawakuulizi kitu, hawakuombi uwapeleke stoo. Huko Tabora utakutana na watu, utapenda mtu, na wewe una kiburi changu, nimekiona unavyowasahihisha wenzako kwaya. Sina zaidi ya hapo. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla ya matanga, kabla uwanja haujajaa watu. Ningemwambia Egno siku ile nimefuta, angenipiga, na leo ningekuwa na shemeji.

Sasa jambo la mwisho. Jana ulipokunja kona pale kwenye migomba, nilichukua kaseti nikaicheza. Miaka yote nikiicheza, ambayo ni mara tatu au nne, nilikuwa naishia pale pale. Nikisikia sauti yangu inasema mlaze kimya, nabonyeza kitufe, nazima, natoka nje. Jana mkono ulikuwa umeshika fungu la nguo zako nilizokuwa nakunja, sikuwahi. Ikaendelea. Ukalia wewe, mlango ukafunguliwa, mlango ukafungwa. Nikadhani hapo ndipo mwisho, zimebaki fidla na mvua. Nikasogeza sikio mpaka nikagusa waya wa spika.

Alikuwa nje, Skola, chini ya upenu, na wewe mgongoni. Alikuwa anaendelea kuimba. Ni nusu dakika, pengine na zaidi kidogo, kwa mbali sana, mvua inaingia katikati, maneno hayashikiki. Halafu fidla zinapanda juu yake na hasikiki tena. Hilo ndilo Sista alilokuwa amelisikia siku ile, sisi tukicheka. Sauti yenyewe sijui nikuelezeje. Siyo kubwa. Inakaa chini ya wimbo kama mtu anayebeba kitu upande wa pili. Nilikaa na nguo zako mapajani na nilimlilia kama amekufa jana.

Utakaposoma haya pengine utakuwa umeshapita Makambako. Kama hutanipigia simu ukifika nitaelewa. Si kweli, sitaelewa, lakini sitasumbua. Kesho ni zamu yangu kundini, na nitawaandikia Mwalimu na Sista mistari ileile ninayokuandikia wewe hapa, ili kwa mara ya kwanza nimpeleke mama yako stoo kama alivyoomba.

Nasikiliza nini: wimbo wa kubembeleza mtoto, jina lake silijui, muulize bibi yako.

Anayeimba: Leokadia wa Ngumbo. Anayebembelezwa ni Skolastika, binti yake.

Kimetoka wapi: kwenye kaseti yake mwenyewe, iliyofutwa na mumewe.

Mahali pa kutega sikio: upande B, dakika ya kumi na saba, baada ya mlango kufungwa. Usizime pale ninaposema mimi. Mimi nilizima hapo miaka yote hii, na yeye alikuwa bado anaimba.

Baba yako,
Gaudensi